Kuoza Kitako kwa Nyanya za Ndoo: Kisa cha Bustani ya Kwanza Juu ya Paa Mtaani Umoja

Kisa hiki kinahusu ndoo kumi na mbili za nyanya zilizopandwa juu ya paa la nyumba ya ghorofa nne katika mtaa wa Umoja, mashariki mwa Nairobi, na mama ambaye hakuwa amewahi kupanda chochote nje ya shamba la wazazi wake. Aliponiomba ushauri katikati ya Februari, mimea yake ilikuwa na kimo kizuri, majani yaliyokolea na matunda mengi mabichi yenye ukubwa wa yai, lakini zaidi ya nusu ya matunda hayo yalikuwa na doa jeusi, lililobonyea na kukauka, upande wa chini ambako ua huwa limepukutika. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ni ugonjwa, amekwisha kunyunyizia dawa ya ukungu, na matunda madogo yalikuwa yakiendelea kuharibika mbele ya macho yake. Ninakieleza kisa chote kwa urefu kwa sababu kilichotokea hapa hakikutokana na uzembe. Mama huyu alifanya kwa bidii yale aliyoyaona shambani tangu utotoni, ila aliyafanya ndani ya ndoo, na ndoo ina kanuni zake ambazo shamba halimfundishi mtu.

Mbegu zilisiwa katikati ya Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, katika pakiti za maziwa zilizokatwa na kutobolewa. Aina aliyoichagua ni Cal J, nyanya fupi ambayo hufikia kimo chake na kuacha kurefuka, na hapo alichagua vyema, kwa kuwa aina ndefu kama Money Maker au Anna F1 zinahitaji nguzo, kamba na udongo mwingi kuliko ndoo inavyoweza kubeba. Miche ilihamishwa katikati ya Desemba ikatiwa katika ndoo nyeupe za lita 20 zilizonunuliwa kwa mafundi wa ujenzi, ambazo zilikuwa zimebeba rangi ya kuta inayochanganywa na maji na zilioshwa mpaka zikatakata. Jambo hili la rangi ya maji si dogo: kopo la rangi ya mafuta, au mtungi uliowahi kubeba dawa au oili ya gari, haufai kupandiwa chakula hata ukisuguliwa namna gani.

Udongo ulikuwa ule mwekundu wa mfinyanzi unaochimbwa kwenye viwanja vya ujenzi upande wa Kiambu, uliochanganywa na samadi ya mbuzi kwa kadiri ya karai tatu kwa moja. Kila ndoo ilitobolewa matundu matatu kwa msumari wa moto, ikawekwa kokoto kiasi cha vidole vinne chini, ikajazwa udongo na kusimamishwa moja kwa moja juu ya saruji. Wakati wa kupanda kila shimo lilipata kijiko cha DAP, mbolea ya kupandia, na kuanzia Januari kila ndoo ikawa inapata kijiko cha CAN, mbolea ya kukuzia, kila wiki. Mche mmoja ulibaki bila ndoo, basi akauchomeka katikati ya gunia kubwa la sukuma wiki lililokuwa karibu na mlango wa ngazi. Mche huo wa kumi na tatu, ambao yeye mwenyewe hakuuhesabu, ndio uliokuja kutufundisha zaidi kuliko mingine yote.

Kabla ya kufika kwenye tatizo, inafaa kutaja alichokifanya vizuri, kwa maana wengi hawakifanyi. Aliomba ruhusa ya mwenye nyumba. Alizipanga ndoo pembezoni, juu ya mistari ya kuta za chini, na hakuzirundika katikati ya paa. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hukaribia kilo 30, kwa hiyo ndoo kumi na mbili ni takriban kilo 360, uzito ambao hautakiwi kulundikwa mahali pamoja juu ya saruji ambayo hakuna ajuaye ilimiminwa kwa nondo ngapi. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini ililitoa jambo hili kwenye kujificha na kulifanya shughuli inayotambuliwa na kusimamiwa, lakini sheria haibebi paa, na mtu anayeishi chini ya bustani ya jirani ana haki ya kulala bila hofu.

Mambo mawili zaidi ya mahali hapo yanahitaji kuelezwa. La kwanza ni jua. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wake hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, lakini njia ya jua angani hubadilika sana: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na katikati ya mwaka hupita upande wa kaskazini. Roshani inayotazama kaskazini, ambayo Juni hujaa jua, Desemba inaweza kukosa jua la adhuhuri kabisa, na maelekezo ya bustani yaliyoandikwa kwa ajili ya Uingereza au Marekani hayatamwambia mkazi wa Umoja jambo hili. Kwenye paa letu palikuwa na jukwaa la tangi la maji upande wa kusini magharibi, na ndoo nne zilizokuwa nyuma yake zilipata jua la asubuhi tu. Nane zilizobaki zilikuwa juani kuanzia asubuhi hadi jioni.

La pili ni maji. Mtaa huo hupata maji kwa mgao, na katika majuma hayo ya kiangazi mfereji ulikuwa ukitoka siku mbili kwa wiki. Siku ya maji mama alimwagilia kila ndoo mpaka maji yakatoka chini, akaridhika kwamba imeshiba, kisha ikapita siku tatu au nne bila tone, isipokuwa lile gunia la mlangoni, ambalo kila siku lilimwagiwa maji yaliyooshewa mboga na mchele kwa sababu lilikuwa njiani.

Nilipofika aliniuliza swali ambalo ndilo huulizwa na karibu kila mtu katika hali hiyo: "Mwalimu, dawa nimepiga na bado yanaoza. Nibadilishe dawa ama nibadilishe mbegu?" Nilimjibu, "Mama, kwanza tuinue ndoo." Ndoo ya kwanza iliinuka kwa mkono mmoja. Ndoo ya udongo yenye maji ya kutosha haiinuki hivyo.

Hata hivyo mchambuzi hana ruhusa ya kurukia jibu analolipenda, na ugonjwa ulipaswa kuchunguzwa kwa haki. Bakajani chelewa, ugonjwa ambao jirani alimtajia mama na ambao duka la pembejeo lilimuuzia dawa yake, huanza kwa mabaka yenye majimaji kwenye majani na mashina, hupendelea ubaridi na unyevu, na inaposhika tunda huleta baka la kahawia, gumu, lisilo na mpaka ulionyooka, mara nyingi mabegani. Februari ile ilikuwa kavu, majani yalikuwa safi, na kila doa bila kukosa lilikuwa kitakoni. Mnyauko wa bakteria huangusha mmea mzima ungali kijani, na shina lililokatwa likitumbukizwa kwenye glasi ya maji safi hutoa uzi mweupe wa ute baada ya dakika chache. Hapakuwa na mmea ulioanguka. Kantangaze, yule kiwavi mdogo wa Tuta absoluta ambaye amewatesa wakulima wa Kenya kwa miaka sasa, huacha vijia vyeupe ndani ya majani na matundu madogo kwenye tunda. Tuliyakagua majani moja moja na hatukuona kitu. Tulipopasua tunda lililoathirika, sehemu nyeusi ilikuwa kavu na imara, na ukungu mweusi kidogo uliokuwa juu yake ulionekana wazi kuwa mgeni aliyekuja baada ya ngozi ya tunda kufa.

Kilichobaki ni kuoza kitako, ambako si ugonjwa wa kuambukiza hata kidogo, bali ni kufa kwa seli za tunda changa zilizokosa madini ya kalisi (kalsiamu) wakati zinapanuka. Jina la tatizo, hata hivyo, si maelezo ya tatizo, kwa sababu "kukosa kalisi" kunaweza kumaanisha kwamba udongo hauna kalisi, au kwamba mizizi haiwezi kuichukua, au kwamba imechukuliwa ikapelekwa kwingine. Kila maana ina tiba yake, na mtu akichanganya atatumia pesa bure.

Mimea yenyewe ilikuwa imekwisha kuandika jibu, na ilitosha kuisoma kwa mpangilio. Ndoo nane za juani ziliathirika vibaya, ndoo nne za nyuma ya tangi ziliathirika kidogo. Kama ingekuwa ukungu, kivuli na umande wa kukawia vingeifanya hali ya zile nne kuwa mbaya zaidi. Tena, ndani ya ndoo moja matunda hayakuharibika ovyo ovyo: kishada cha kwanza kilikuwa karibu chote kizima, cha pili kilikuwa cheusi karibu chote. Mama alipofuatisha kalenda yake alikumbuka kwamba kishada cha pili kilikuwa na matunda yenye ukubwa wa gololi katika wiki ambayo mfereji haukutoka kabisa, na ni katika umri huo, wiki mbili za mwanzo baada ya ua kufunga, ndipo tunda hupanuka kwa kasi na kuhitaji kalisi kuliko wakati mwingine wowote. Na yule mche wa gunia, wenye mbegu ile ile, udongo ule ule na samadi ile ile, ulikuwa na matunda safi yote.

Gunia lilikuwa na faida mbili kwa pamoja, udongo mwingi zaidi na maji ya kila siku, kwa hiyo haiwezekani kuipa sifa moja peke yake. Lakini faida zote mbili zinaelekea upande mmoja, upande wa maji yasiyokatika, na zote mbili zinaiondolea lawama mbegu, udongo kama chanzo cha kalisi, na vimelea vya hewani.

Kalisi husafiri ndani ya mmea kwa njia moja tu yenye maana, nayo ni kubebwa na maji yanayovutwa kutoka mizizini kwenda juu kwa nguvu ya majani yanayotoa mvuke. Majani hutoa mvuke mwingi, tunda la nyanya lenye ngozi laini hutoa mvuke kidogo mno, kwa hiyo hata siku ya neema majani ndiyo yanayopata fungu kubwa. Isitoshe, kalisi ikishajengwa ndani ya jani haihami tena, tofauti na naitrojeni au potasiamu ambazo mmea unaweza kuzitoa kwenye jani la zamani na kuzipeleka penye uhitaji. Maji yakikatika kwa siku mbili wakati tunda lina ukubwa wa gololi, deni hilo halilipwi na mafuriko ya siku ya tatu. Seli za kitakoni, ambazo ziko mwisho kabisa wa njia, zinakuwa zimekwisha kufa, na doa linaloonekana wiki moja au mbili baadaye ni taarifa ya jambo lililopita. Hii ndiyo sababu mkulima huona doa siku ambayo udongo umelowa, akaapa kwamba maji hayahusiki.

Sasa tuitazame ndoo yenyewe. Ukiondoa kokoto na nafasi ya juu, ndoo ile ya lita 20 ilikuwa na udongo wa lita 15 au 16, na katika udongo wa mfinyanzi sehemu kubwa ya maji hushikwa kwa nguvu ambayo mizizi haiwezi kuishinda, hivyo maji ambayo mmea ungeweza kuyafikia yalikuwa lita tatu hivi. Nyanya iliyokomaa na kubeba matunda, juani katika Februari ya Nairobi, hutumia lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu: akiba inakwisha siku ya pili, na mgao unarudi siku ya nne. Shambani mmea ule ule ungekuwa na mizizi iliyoshuka na kutanda mbali ukitafuta unyevu, na siku nne bila mvua zisingeutisha.

Na hata hizo lita tatu hazikuwa zikiingia zote. Tulimwaga maji kwenye ndoo moja tukatazama. Yalizama kwa sekunde chache, na mara yakatoka chini, kama mama alivyokuwa ameyaona yakitoka kila mara. Tulipoutoa mmea pamoja na bonge lake lote, tukakuta udongo umekauka, ukasinyaa na kuachana na ukuta wa ndoo, na maji yalikuwa yameteremka katika ufa huo wa pembeni mpaka chini bila kuligusa bonge. Katikati palikuwa pakavu kiasi cha kutoa vumbi. Chini kabisa, juu ya kokoto, palikuwa na tabaka la matope ya kijivu yenye harufu mbaya, na mizizi ya hapo ilikuwa ya kahawia na laini. Ndoo moja, kiu juu na mafuriko chini.

Tabaka hilo la chini linastahili maelezo, kwa sababu kokoto za chini ya chombo ni desturi iliyoenea sana na ni vigumu kumshawishi mtu aiache. Watu huamini kwamba kokoto hupitisha maji. Lakini udongo wenye chembe ndogo hushikilia maji na hauyaachii kushuka kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka kwanza udongo ulio juu yake umejaa kabisa, kwa hiyo tabaka la udongo uliojaa maji, ambalo katika chombo chochote hukaa chini, huinuliwa na kokoto na kusogezwa karibu zaidi na mizizi. Tabaka hilo halipungui kwa kuweka mawe, bali hupungua kwa kuufanya udongo wenyewe uwe na chembe kubwa zaidi. Ongeza hapo matundu matatu tu, yaliyozibwa na saruji ambayo ndoo imekalia, na mizizi ya chini haina hewa. Mizizi iliyokosa hewa haivuti maji vizuri, na isiyovuta maji haivuti kalisi, hata ikiwa imezama ndani ya yote mawili.

Je, udongo ulikosa kalisi? Sioni ushahidi. Samadi ilikuwa na kalisi, na hata CAN yenyewe ina kalisi ndani yake. Lakini mbolea zilikuwa na mchango wao mbaya. DAP huleta amonia, ambayo hushindana na kalisi kwenye mlango wa mzizi. Nusu ya naitrojeni ya CAN nayo ni ya amonia. Na kijiko cha kila wiki katika lita 15 za udongo ni kingi mno, kwa kuwa kilirundika chumvi iliyoufanya udongo uwe mgumu zaidi kunyonywa maji, na wakati huo huo kikakuza majani mapana yaliyozidisha kiu. Kijani kile kilichokolea, ambacho majirani walikisifu, kilikuwa sehemu ya tatizo.

Ndipo tunaweza kuhukumu tiba zilizokuwa zimependekezwa. Dawa ya ukungu aliyonyunyizia, yenye kiini cha mankozebu, hulinda uso wa jani dhidi ya ukungu kabla haujaingia, na haina lolote la kufanya kwa seli iliyokosa kalisi. Kunyunyizia bila sababu juu ya paa lenye kamba za nguo na watoto wanaocheza ni hatari isiyo na malipo, na kila dawa iliyosajiliwa huandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna, siku ambazo mtu anayechuma nyanya mbili kila jioni kwa ajili ya kitoweo hawezi kuzihesabu kwa urahisi. Dawa ya majani yenye kalisi, aliyouziwa baadaye, hulowesha majani ambayo hayakuwa na upungufu, na kwa kuwa kalisi haitoki kwenye jani kwenda kwenye tunda, faida yake ni ndogo. Maganda ya mayai aliyoyavunja na kuyachomeka kwenye udongo yataoza polepole sana, na huenda yakawa na manufaa kwa mimea itakayokuja baadaye, si kwa kishada kilichopo. Siwalaumu waliompa ushauri. Muuza dawa aliyeletewa tunda moja ndani ya mfuko hawezi kuiona ndoo, wala hawezi kujua siku za mgao.

Tulichokifanya kilianza kwa kuacha: DAP ikaachwa kabisa, na CAN ikasimamishwa. Matunda yenye doa yalichumwa yote, kwa kuwa hayaponi na yanaendelea kunywa. Udongo ulilegezwa kwa kijiti mpaka katikati, kwa uangalifu wa kutokata mizizi minene, na ufa wa pembeni ukazibwa kwa mboji laini. Kisha maji yalitiwa kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, kwa mizunguko mitatu yenye mapumziko kati yake, mpaka bonge likalainika na ndoo ikawa nzito kweli. Matundu yaliongezwa kwenye ubavu, juu kidogo ya sakafu ya ndoo, na kila ndoo ikainuliwa kwa vipande vitatu vya matofali. Juu ya udongo tuliweka matandazo ya nyasi kavu. Ndoo zenyewe zilisogezwa zikagusana, ili kila moja iitilie kivuli ubavu wa mwenzake, na safu ya mbele ikafunikwa magunia upande unaopigwa na jua la alasiri, maana mizizi iliyobanwa kwenye ukuta wa plastiki ulio juani hupata joto linaloiua.

Jambo lililobadilisha hali zaidi lilikuwa pipa la lita 100. Mama alilijaza siku za maji, akaacha kufurika ndoo na kungoja, na badala yake akatoa lita moja na nusu hadi mbili kwa kila mmea wa juani asubuhi, na pungufu ya hapo kwa ndoo nne za kivulini. Maji ya kuoshea mboga na mchele yaliingia katika hesabu. Maji ya sabuni hayakuingia, kwa sababu ya sodiamu yake, na kwa sababu hiyo hiyo nilimshauri asitegemee maji ya visima virefu yanayouzwa na maboza, yale malori ya maji, wakati wa ukame bila kuyachanganya, kwa kuwa maji mengi ya chini ya ardhi ya Nairobi yana sodiamu na magadi kiasi cha kuudhuru udongo mdogo wa chombo usiooshwa na mvua. Nilimwomba pia aipime kila ndoo kwa mkono kabla ya kumwagilia. Kuinua ukingo wa ndoo na kuhisi uzito kulimwambia ukweli ambao matone ya chini yalikuwa yakiuficha.

Matokeo hayakuwa ya muujiza, na yasingeweza kuwa hivyo. Matunda yaliyokuwa yamevuka ukubwa wa gololi kabla ya mabadiliko yaliendelea kutoa madoa kwa majuma mawili mengine, na hapo nilihofia kwamba mama atakata tamaa na kurudi dukani, kwa sababu kipindi hicho ndicho ambacho ushauri sahihi huonekana umeshindwa. Matunda yaliyofunga baada ya hapo yalikua safi karibu yote katika ndoo kumi. Ndoo mbili ziliendelea kuharibika. Moja ilikuwa imepoteza mizizi mingi katika tope la chini na haikuwa na cha kuvutia maji, kwa hiyo tuliing'oa. Nyingine ilikuwa mwisho wa safu, ubavu wake wa magharibi haukuwa na gunia, na ilipofunikwa ikatulia.

Mwishoni mwa Machi mvua za masika zilianza, na bakajani chelewa, ile ambayo dawa ilikuwa imenunuliwa mapema kwa ajili yake, ikafika kweli. Hapa chombo kilionyesha faida ambayo shamba halina. Ndoo tano zilihamishiwa chini ya mabati ya sehemu ya kuanikia nguo, ambako majani hayakuloweshwa na mvua, na mimea hiyo ikaendelea kuzaa hadi katikati ya Aprili. Zilizobaki nje ziliungua majani kwa siku chache, na matunda yake yaliyokomaa yakachumwa yakiwa mabichi ili yaivie ndani ya nyumba.

Msimu unaofuata umepangwa upya kuanzia kwenye maji. Mimea kumi na miwili kwa lita mbili ni lita 24 kwa siku, na siku nne za ukame ni lita 96, yaani pipa lote bila akiba hata ya kosa moja. Kwa hiyo mama amechagua mimea sita, katika mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu yenye zaidi ya lita 40 kila moja, bila kokoto chini. Mchanganyiko utakuwa udongo mwekundu nusu, na nusu ya pili itakuwa mboji iliyoiva pamoja na makapi ya mpunga kutoka Mwea, ambayo huupa mfinyanzi nafasi za hewa. Mbegu zitasiwa Julai ili maua yafunge Septemba, baada ya ule ubaridi wa katikati ya mwaka ambao usiku wake hushuka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi na kuangusha maua ya nyanya. Udongo wa zile ndoo kumi na mbili haukutupwa. Ulimwagwa juu ya turubai, ukavunjwavunjwa, ukachanganywa na makapi, na sasa umepandwa kunde na sukuma wiki, kwa sababu nyanya haipaswi kurudi mara moja katika udongo uliotoka kubeba nyanya zenye bakajani.